Sekunde 17 za Bibi

Ripoti iliingia saa tano usiku, nikiwa nimejifunika blanketi mbele ya laptopu, maana Julai ya Sumbawanga haina mzaha. Filamu yangu ya dakika 26 ilikuwa imekataliwa. Hakuikataa mtu. Iliikataa programu ya kukagua mafaili katika kituo cha televisheni kilichokuwa kimekubali kuirusha. Ripoti ilikuwa na mistari mingi ya kijani na mmoja mwekundu: dakika ya 19, hakuna sauti, sekunde 17.

Nilizijua hizo sekunde. Zilikuwa za bibi mmoja.

Filamu ilihusu wanawake wazee wanaoishi na tuhuma za uchawi. Kwa mtu wa Sumbawanga hii si mada ya kuokota. Jina la mji wetu lenyewe hufasiriwa kuwa "tupa uchawi", na nchi nzima inatutania kwa hilo. Ukisema unatoka Sumbawanga, mtu anajifanya kusogea pembeni, halafu mnacheka wote. Ila utani huo una upande usiochekesha, na huo ndio niliokwenda kuurekodi katika kijiji ambacho sitakitaja, juu kwenye uwanda wa Ufipa, si mbali na milima ya Mbizi. Bibi alinisimulia jinsi majirani walivyoacha kumsalimia, jinsi watoto walivyokatazwa kupita uani kwake, na jinsi alivyohamia kwa binti yake na mzigo mmoja. Nikamwuliza, "Bibi, nani alianza kulisema hilo neno?"

Akanyamaza. Akatazama njia inayopanda kutoka mtoni. Akarudisha macho kwangu, akayaondoa tena. Kisha akasema, "Mjukuu wangu, hilo tuliache."

Yeyote aliyeangalia kipande hicho alielewa jambo lilelile: anamjua. Anamjua, ni mtu wa karibu, na ameamua kutomtaja mbele ya kamera. Katika dakika 26 zote hakuna mahali ambapo bibi yule alionekana mkubwa kuliko hapo. Na hapo ndipo programu ilipoweka alama nyekundu.

Nikiri nilichofanya usiku ule. Nilizikata sekunde 17 zikabaki tatu. Kwa kuwa kipindi kilitakiwa kiwe dakika 26 kamili, bila kuzidi wala kupungua, nilibakiwa na sekunde 14 za kujaza. Nikarefusha picha ya milima ya mwisho wa filamu, na muziki juu yake. Nikatoa faili upya, nikalipandisha usiku kucha, na kesho yake asubuhi ripoti ikarudi kijani tupu. Imepita.

Kipindi kikarushwa. Siku mbili baadaye mjukuu wa bibi, kijana aliyenipeleka kwake kwa bodaboda, akanipigia. Alinipongeza vizuri tu. Halafu akasema, "Ila kaka, bibi anasema pale ulimharakisha."

Nikamjibu haraka, bila hata kufikiri: "Unajua tena, TV wana masharti yao."

Nimekaa na jibu hilo miezi kadhaa sasa. Lilikuwa kweli? Na kama lilikuwa kweli, lilitosha?

Kwa msomaji ambaye hajawahi kupeleka kazi kwenye televisheni, nieleze kidogo masharti yenyewe, maana nisingependa kuyasingizia. Video ya simu unaitupa WhatsApp na inachezwa. Televisheni haiko hivyo. Kituo kinakupa karatasi ya maelekezo: picha iwe na nukta 1920 kwa 1080, fremu 25 kwa sekunde, faili liwe la aina fulani na si nyingine, picha ichukue megabiti 50 kwa kila sekunde, sauti ipimwe mara 48,000 kwa sekunde. Dakika 26 kwa masharti hayo ni karibu gigabaiti 10. Piga hesabu ya bando la kupandisha gigabaiti 10 kutoka Sumbawanga, halafu piga tena hesabu hiyo kwa kila mara unayokataliwa. Ndiyo maana saa tano usiku mtu hafikirii falsafa, anafikiria kupita.

Ukiyachunguza masharti hayo moja moja, unakuta kila moja lina mtu nyuma yake. Kwa nini fremu 25, wakati simu nyingi zinarekodi 30? Kwa sababu umeme wetu unapigapiga mara 50 kwa sekunde, kama wa Ulaya, na televisheni ya mfumo huo ilijengwa juu ya nusu ya hiyo 50. Ukirekodi kwa fremu 30 chini ya taa inayofuata mapigo ya umeme huo, unaweza kuona picha inapepesa kama mshumaa kwenye upepo. Kwa nini nyeusi ianzie 16 na nyeupe iishie 235, badala ya 0 mpaka 255? Kwa sababu mitambo ya kurushia ilihitaji nafasi ya akiba juu na chini, ili mwanga ukizidi kidogo usivuruge mawimbi yote. Na sauti? Mwaka 2010 Umoja wa Watangazaji wa Ulaya ulitoa pendekezo lake namba R 128, kwamba wastani wa sauti ya kipindi uwe minus 23 kwa kipimo kinachoitwa LUFS. Mwaka huohuo Marekani walitunga sheria ya kuzuia matangazo ya biashara yasipige kelele kuliko vipindi. Nyuma ya namba hizo kuna mzee aliyesinzia kwenye kiti, akashtuliwa na tangazo la sabuni.

Lipo sharti jingine ambalo likinijia huwa naacha kulalamika. Desemba 16, 1997, nchini Japani, watoto zaidi ya 600 walipelekwa hospitali baada ya kuangalia sehemu moja ya katuni ya Pokémon. Mwanga mwekundu na wa buluu ulimwekamweka kwa kasi kwenye kioo, wengine wakapata degedege. Leo vituo vingi hukagua kila faili kuona kama lina mimweko inayozidi mitatu kwa sekunde. Mwanafilamu anayelalamika kwamba ukaguzi huo unaua ubunifu wake, nisingependa kukaa naye meza moja.

Kwa hiyo msimamo wangu wa kwanza ni huu: masharti ya kupokelea faili ni adabu. Ni heshima kwa mtu nisiyemjua, ambaye atakuwa amekaa sebuleni kwake na hakuniomba nimuumize macho wala masikio. Mimi ni mgeni nyumbani kwake. Mgeni hubisha hodi, huvua viatu. Hapo sina ugomvi.

Ugomvi wangu ni na lile jibu nililompa kijana.

Wapenzi wa fasihi mtanielewa nikilipeleka jambo hili kwenye ushairi. Sheikh Kaluta Amri Abedi alipochapisha kitabu chake mwaka 1954, jina lake lilianza na neno "Sheria": *Sheria za Kutunga Mashairi*. Vina, mizani, beti, vyote vikawekewa utaratibu. Miaka ya 1970 akina Kezilahabi wakaja, *Kichomi* ikatoka mwaka 1974, na ugomvi ukawaka: je, mizani inambana mshairi asiseme anachotaka? Ugomvi ule tumeurithi na bado tunaula. Lakini angalia mfano mmoja. Abdilatif Abdalla alifungwa Kenya kuanzia mwaka 1969 mpaka 1972 kwa sababu ya kijikaratasi alichoandika, *Kenya: Twendapi?* Akiwa jela aliandika mashairi yaliyokuja kuwa *Sauti ya Dhiki*, kitabu cha mwaka 1973. Mtu aliyenyimwa kila kitu, mpaka karatasi, aliandika kwa vina na mizani. Hakuna msomaji aliyewahi kusema kwamba mizani ndiyo iliyomfunga. Waliomfunga walijulikana.

Sasa mfikirie mshairi mwingine, ambaye ubeti wake una neno lisilo na kazi, neno lililochomekwa tu ili mizani itimie. Ukimwuliza anasema, "Mizani ilinibana." Wote tunajua kwamba huo ni uongo mdogo. Mizani ilidai silabi nane. Haikudai silabi zile. Kuziweka zile, badala ya kukaa usiku mwingine kutafuta nyingine, ulikuwa uamuzi wake.

Mimi ndiye mshairi huyo. Kituo kilidai dakika 26 na kilidai kusiwe na sauti iliyokatika. Hakikudai sekunde 14 za milima. Milima niliichagua mimi, kwa sababu saa tano usiku milima ni rahisi.

Na kuna baya zaidi, ambalo nililigundua baada ya ile simu. Nilirudi kwenye mradi wa filamu, nikafungua ile dakika ya 19 kama ilivyorekodiwa, kabla sijaigusa. Nikavaa hedifoni. Kumbe hapakuwa na ukimya! Palikuwa na upepo. Ukitoka nje Ufipa mwezi wa saba, upepo ndio mwenyeji wako. Unapita kwenye mabua ya mahindi yaliyokauka, unatikisa bati la jiko. Palikuwa na jogoo wa mbali. Palikuwa na bibi mwenyewe, anapumua, kitenge chake kinachakaa anapogeuza shingo kuangalia njia. Zile sekunde 17 zilikuwa zimejaa.

Ni mimi niliyezifuta. Nilipokuwa nasafisha sauti, nilielekeza programu iondoe upepo, halafu nikaweka kichujio kinachofunga mlango kabisa pale mtu asipoongea. Nilitaka isikike kitaalamu, kama imerekodiwa studio. Matokeo yake yalikuwa sifuri. Hata usiku wa manane, chumbani na mlango umefungwa, hakuna ukimya wa namna ile. Hakuna binadamu aliyewahi kukaa ndani yake.

Maana yake nini? Maana yake programu ilikuwa sahihi. Iliniambia, "Hapa sauti imekatika," na kweli ilikuwa imekatika, na aliyeikata ni mimi. Nilidhani mashine haielewi ukimya wa mzee. Kumbe mashine ilikuwa inakataa ukimya wangu wa bandia. Ningeuacha upepo, ripoti ingekuwa kijani tangu mara ya kwanza. Nimelijaribu hilo baadaye, na ndivyo ilivyokuwa.

Ajabu nyingine iko kwenye kile kipimo cha sauti cha minus 23. Kinapotafuta wastani wa kipindi, kinaruka sehemu zilizo kimya. Chochote kilicho chini ya minus 70 hakihesabiwi, na baada ya hapo kinaacha pia vile vilivyo chini kwa zaidi ya 10 kuliko wastani wa kilichobaki. Waliokitengeneza waliona kwamba ukimya ukiingizwa kwenye hesabu utaidanganya hesabu. Kwa maneno mengine, kipimo chenyewe kinakiri mpaka wake. Kinasema: mimi napima sauti, ukimya sio kazi yangu. Wahenga walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu, lakini mshindo huo hakuna mita ya kuupima. Aliyetakiwa kuupima alikuwa mimi, niliyekaa mbele ya bibi na kuuona.

Hapa ndipo lilipo jambo ninalotaka kulisema. Masharti yanamlinda anayeangalia. Hayamlindi anayeangaliwa. Yule mtazamaji wa sebuleni amewekewa watetezi wengi: namba za mwanga, namba za sauti, wakaguzi wa mimweko. Bibi wa Ufipa ana mtetezi mmoja tu katika safari nzima, kutoka uani kwake mpaka kwenye kioo, naye ni mtu aliyeshika mausi. Mtu huyo akijificha nyuma ya masharti, bibi amebaki bila mtu. Na ripoti haitaonyesha, kwa sababu ripoti haikuulizwa hilo. Kijani maana yake faili litachezwa. Haisemi kwamba mtu ametendewa haki.

Najua nitaambiwa: kwa hiyo unataka kila kitu kibaki? Bibi kanyamaza, jogoo kawika, tuache vyote? Hapana. Nilirekodi saa nyingi, nikatoa dakika 26, na kukata ni kazi yangu halali. Wafipa wa zamani waliyeyusha chuma kwenye matanuru marefu ya udongo, malungu, yaliyojivutia hewa yenyewe bila mivukuto. Lakini kilichotoka kwenye ilungu kilikuwa bado hakijawa chuma cha kufulia jembe. Kilipelekwa tena kwenye tanuru dogo, kintengwe, kusafishwa, mavi ya chuma yatoke. Bila kintengwe hakuna jembe. Uhariri ni kintengwe, sina shaka na hilo. Swali ni la mfuaji: anajuaje hiki ni mavi na hiki ni chuma? Hakuna aliyemwekea alama nyekundu. Alijua kwa jicho na kwa mkono, na akikosea, jembe lilivunjikia shambani kwa mtu aliyemjua kwa jina.

Pengine hiyo ndiyo tofauti. Mfuaji alikutana na mwenye jembe. Mimi nilidhani sitakutana na bibi ndani ya kipindi. Nilimfikiria mtazamaji, nikamfikiria mkaguzi, nikafikiria bando. Sikufikiria kwamba naye ataketi kwa jirani mwenye king'amuzi, na binti yake na wajukuu pembeni, ajitazame. Na alichokiona ni mwanamke anayeulizwa jambo zito na kulikwepa ndani ya sekunde tatu, kama mtu asiye na la kusema, au mbaya zaidi, kama mtu mwenye la kuficha. Kwa mwanamke anayetuhumiwa, tofauti hiyo si ya kisanii. Kuna majirani walioangalia pia.

Sitaki kujitesa kupita kiasi. Kijana hakuniambia kuna baya lililotokea, na bibi hakunilaani. Alisema tu nilimharakisha. Lakini nadhani alisema kila kitu. Kumharakisha mzee anapojibu ni utovu wa adabu ambao mtoto wa Kifipa anafundishwa kabla ya kwenda shule, na mimi nimeufanya mbele ya nchi nzima, halafu nikasema walionituma ni wengine.

Nilitengeneza faili la pili. Niliirudisha milima kwenye urefu wake wa mwanzo, nikamrudishia bibi sekunde zake 17, upepo na jogoo humohumo. Kituo kilipokubali kurudia kipindi, niliwapelekea hilo. Likapita bila alama hata moja. Kabla ya hapo nilipanda bodaboda na laptopu mgongoni, nikaenda kumwonyesha. Aliangalia kimya mpaka mwisho. Nilisubiri aseme kitu kuhusu dakika ya 19. Alichosema ni kwamba kitenge chake kilikuwa kimepinda begani, na kwa nini sikumwambia siku ile. Nikamwomba radhi kwa kitenge. Halafu nikamwomba radhi kwa lile jingine. Akasema, "Haya, mjukuu wangu. Kunywa chai."

Tangu wakati huo nina utaratibu mdogo kabla sijabonyeza kitufe cha kutoa faili. Masharti ya kituo nayafuata yote, nayasoma mara mbili, sitaki tena kupoteza gigabaiti 10. Kisha najiuliza swali moja ambalo halimo kwenye karatasi yao: huyu mtu akinipigia kesho kuniuliza kwa nini nilimkata hapa, nitaweza kumjibu bila kutumia neno "masharti"? Nikiweza, nabonyeza. Nisipoweza, nazima laptopu na kwenda kulala, bando lisubiri.